Koyote niliyempiga mwezi Mei

Koyote ni wa ukoo mmoja na bweha wetu wa kule nyumbani Afrika, ila yeye ni mkubwa zaidi. Huku Kansas, Marekani, nimewawinda miaka mingi, na yupo mmoja ambaye mpaka leo ananiuma moyoni.

Ilikuwa Mei. Nilipuliza filimbi inayolia kama sungura aliyenaswa, naye akaja mbio bila hata kunusa upepo, nikampiga risasi. Nilipomgeuza, manyoya yalinibaki mkononi mafungu mafungu. Tumboni chuchu zilikuwa zimevimba, na pembeni mwake ngozi iko wazi kwa kunyonywa. Nikabonyeza moja, maziwa yakatoka. Nililitafuta shimo lake mpaka giza likaingia. Sikuliona.

Sheria ya Kansas inaruhusu kuwawinda mwaka mzima, kwa hiyo hakuna askari ambaye angenikamata. Lakini wewe unayeanza kuwinda, ijue kalenda ya mnyama. Hupandana Januari hadi Machi, mimba huchukua kama siku 63, na Aprili na Mei mashimo yamejaa watoto. Dume naye huwaletea chakula, ila kitoto ambacho hakijafumbua macho hakili nyama, kinataka maziwa. Ngozi nzuri, yenye manyoya mazito, unaipata mwishoni mwa Novemba hadi Januari.

Wenzangu hunijibu kwamba ngozi haina bei siku hizi hata wakati wa baridi, hasa tangu Canada Goose, kampuni ya makoti ya baridi iliyokuwa ikitumia manyoya ya koyote, watangaze mwaka 2021 kwamba wanaacha kuyatumia. Basi kusubiri kuna faida gani? Mimi naona kama ngozi haikuletei kitu, sababu ya kumuua imepungua.

Mfugaji ana kesi yake. Jirani yangu hupoteza wanakondoo kila masika, na koyote mwenye watoto wa kulisha huua zaidi. Siwezi kumwambia asubiri Novemba. Namwomba tu amchune kwanza mwanakondoo aliyekufa: akikuta alama za meno kooni na damu imevilia chini ya ngozi, aliuawa, asipoiona damu hiyo, huenda alikufa mwenyewe, koyote akaja kula mzoga. Na akimpiga jike anayenyonyesha, alitafute shimo siku hiyo hiyo na kuwamaliza watoto. Ni jambo zito kulitamka, lakini njaa ya siku kadhaa gizani ni mbaya zaidi.

Siku hizi Januari ikiisha naifungia filimbi kabatini. Jirani akinipigia simu mwezi Mei, naenda na kisu cha kuchunia kwanza. Bunduki naiacha garini.