Usikubali kuambiwa ni bawasiri kabla hujapimwa

Hapa Busia, upande wa Uganda, wengi wetu tunatumia choo cha shimo, na mle ndani ni giza. Ukimaliza unatoka, hutazami. Mimi damu kwenye haja kubwa, ambayo kumbe ilikuwa dalili ya saratani ya utumbo mpana, niliiona siku niliyolala kwa mjomba Jinja, kwenye choo cheupe cha maji. Sijui ilikuwa imeanza lini.

Nilikuwa na miaka 52. Kwenye duka la dawa nikaambiwa bawasiri, nikapewa dawa ya kupaka. Nikapaka miezi saba. Wiki hii naharisha, wiki ijayo nimefunga choo, na nikitoka chooni najihisi bado sijamaliza. Suruali zikaanza kunivuka. Nikibeba gunia moja tu la mahindi, pumzi zinakata. Kumbe damu ilikuwa inapungua mwilini kidogokidogo.

Bawasiri nayo hutoa damu, na wengi wanaoona damu hawana saratani. Lakini huwezi kujua kwa kusimulia dalili dirishani. Daktari aliyeniokoa alivaa glovu, akanipima kwa kidole kwenye njia ya haja kubwa, na dakika haikuisha akawa ameugusa uvimbe. Aibu niliyoikimbia miezi saba yote ilikuwa hiyo tu. Baadaye nikaingizwa mpira mwembamba wenye kamera, kikachukuliwa kinyama cha kupeleka maabara, majibu yakarudi: saratani.

Watu wakisikia kookolo, yaani saratani kwa Kiganda, wanaanza kuaga. Ndugu zangu, inatibika, hasa ikiwahiwa. Nilitibiwa Mulago, kwenye Taasisi ya Saratani: mionzi na tibakemikali kwanza ili uvimbe unywee, kisha upasuaji. Kilichonielemea zaidi ni nauli na pa kulala Kampala, kwa hiyo ukianza safari hiyo waambie ndugu mapema wajipange. Na ule mfuko wa kupokea choo unaobandikwa tumboni baada ya upasuaji, unaowafanya wengi watoroke kwenda kwa waganga, nilitembea nao miezi mitano sokoni chini ya shati. Kisha ukatolewa.

Kwa hiyo tumia karatasi nyeupe, uitazame kabla ya kuitupa. Choo kikibadilika zaidi ya wiki tatu, nenda ukapimwe.

Ukiugua, waambie na wa tumbo moja nawe, maana hatari yao iko juu kuliko ya wengine. Mdogo wangu ana miaka 43 na hakuwa na dalili yoyote. Nilimsukuma mpaka akaenda. Walimkuta na kivimbe kidogo ambacho hakijawa saratani, wakakitoa siku hiyohiyo, akarudi nyumbani jioni.