Mpe kijidudu namba uwanjani

Walimu wenzangu wa Biolojia, mnajua jinsi mada ya vijidudu inavyokaa mbali na mada ya ikolojia kwenye muhtasari. Mwanafunzi anakariri bakteria na virusi leo, muhula mwingine anachora nyasi, nyumbu na simba na mishale katikati, na wala haimjii kwamba hayo yote ni mambo ya familia moja. Ushauri wangu: ukiandaa mchezo wa ikolojia, kijidudu naye apewe namba. Aingie acheze, kisha umtoe, darasa lione kinachobadilika.

Mchezo wangu mkubwa nimeutoa Serengeti. Sotoka, ugonjwa wa virusi unaoua ng'ombe na jamaa zao wa porini, iliingia pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880, na haikuchukua hata miaka kumi na mitano kufika kusini mwa bara, ikimaliza ng'ombe, nyati na nyumbu njiani. Kirusi chake ni ndugu wa kirusi cha surua. Ng'ombe wa wafugaji wanaoizunguka Serengeti walipochanjwa miaka ya 1950 na 1960, ugonjwa ukakosa maskani. Nyumbu waliokuwa kama 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakavuka milioni moja kabla ya 1980. Midomo yote hiyo ikala nyasi, moto wa kiangazi ukakosa cha kuunguza, miti ikarudi. Mwaka 2011 ikatangazwa kwamba sotoka imetokomezwa duniani. Ni kisa kitamu mno, na ndiyo maana sikisimulii kabla ya mchezo. Ukikisimulia, wanacheza huku wanajua jibu.

Tunatoka nje. Namwaga vizibo 60 vya soda uwanjani (muuza duka yeyote atakupa mfuko mzima bure), hizo ndizo nyasi. Wanafunzi kumi ni nyumbu, sita wanasimama kama miti michanga, mmoja ni twiga anayetegemea miti hiyo, wawili ni ng'ombe, mmoja ni sotoka. Waliobaki wako benchi. Filimbi ya kwanza, mwaka umeanza: kila nyumbu aokote vizibo viwili. Akikosa, amekufa, akipata, mwaka ujao anamwita mwenzake mmoja kutoka benchi. Sotoka anagusa nyumbu, na aliyeguswa anatoka, lakini kila akitaka kugusa sharti kwanza arudi kumgusa ng'ombe. Filimbi ya pili, tunahesabu vizibo vilivyobaki. Vikizidi 30, moto unapita na miti miwili inakaa chini. Miti ikiisha, twiga naye basi. Mwaka mpya, vizibo vinarudi 60.

Sotoka akiwa na mbio, nyumbu hawaongezeki, nyasi zinabaki tele, na ndani ya miaka mitatu hakuna mti uliosimama.

Kisha tunaanza upya, miti yote imesimama, na nawafunga ng'ombe utepe mkononi. Wamechanjwa, hawagusiki. Sotoka anazunguka, anasimama, ananitazama. "Sasa mimi nifanye nini, mwalimu?" Kaa. Mwaka wa kwanza moto bado unapita, lakini mwaka wa pili nyumbu ni ishirini, vizibo vinabaki 20 tu, na moto hauna kitu. Mwaka wa tatu nyumbu arobaini wanagombania vizibo 60 na kumi wanakufa njaa, jambo ambalo kila mara huwashtua waliodhani ugonjwa ukiisha shida zimeisha. Hapo nauliza: nani kamwokoa twiga? Watabishana. Mwingine atasema nyumbu, mwingine atasema moto umekosa nyasi, mpaka atokee mmoja aseme ni aliyechanja ng'ombe. Usimsaidie kufika hapo, hata kengele ikikaribia.

Siku nyingine nabadilisha, maana vijana wakiona kijidudu anaua tu watabaki wanamwona adui. Vizibo vilivyoliwa vinaingia kwenye ndoo, na anayeruhusiwa kuvirudisha uwanjani ni mmoja tu, bakteria wa kuozesha. Ukimtoa, baada ya miaka miwili ndoo inafurika na uwanja ni mweupe. Angalizo hapa: vizibo ni madini, si nishati. Nishati hairudi. Ukitaka kuonyesha nishati tumia kitu kingine, na wakichanganya wasahihishe palepale, la sivyo utakutana na kosa hilo kwenye mtihani.

Wavulana wa kidato cha tatu watakwambia huo ni mchezo wa watoto. Wape filimbi na kazi ya kuhesabu, au waache watunge sheria moja ya nyongeza. Hawakai pembeni muda mrefu.

Kama mvua inanyesha, au mkuu wa shule hapendi kelele, kuna mchezo wa vikombe. Kila mwanafunzi ana kikombe cha maji. Cha mmoja kina maji ya wanga, yaani unga wa muhogo kidogo uliochemshwa, ukachujwa na kuzimuliwa mpaka usionekane. Hakuna kunywa. Mara tatu kila mtu anachanganya maji yake na ya mwenzake mpya, wanagawana sawa, na kila mmoja anaandika jina la mwenzake huyo. Kisha unapita na iodini. Vikombe vinavyogeuka bluu-nyeusi vinaweza kufika vinane, na darasa linaanza kusaka nani alianza, daftari kwa daftari. Ni kazi ileile wanayofanya maofisa wa afya kipindupindu kikizuka. Watapunguza washukiwa mpaka wawili, halafu watakwama, kwa kuwa wale wawili wa mchanganyo wa kwanza wamelingana kabisa. Waache wakwame kidogo, wasukumiane lawama. Ukipenda wavuke, kabla ya kuanza weka matone machache ya kila kikombe pembeni, yameandikwa jina, na usiyatoe mpaka mmoja wao ayaulizie.