Sari ya Hariri Huharibikia Kabatini

Miaka kadhaa iliyopita nilimsindikiza mama Chennai, India, kwa matibabu, na siku mbili kabla ya kurejea Dar es Salaam tulikwenda Kanchipuram, mji wa wafumaji wa hariri, kiasi cha kilomita 70 kutoka hapo, tukanunua sari moja ya hariri iliyofumwa kwa mkono. Mama aliivaa mara moja tu, arusini kwa mdogo wangu, kisha akaitia katika mfuko wa plastiki na kuiweka chini kabisa ya kabati. Tulipoitoa baada ya miaka mitatu, zari ilikuwa imeingia weusi, na kwenye mkunjo mmoja wa pindo nyuzi zilikuwa zimekatika kwa mstari ulionyooka.

Zari ya asili ni uzi wa hariri uliozungushiwa waya mwembamba wa fedha na kupakwa dhahabu. Fedha hiyo hufifia kwa unyevu, na joto letu la pwani ndani ya plastiki huzidisha madhara. Tena waya ukikaa umekunjwa mahali pamoja miezi na miezi, mwishowe hukatika. Kwa hiyo izungushie sari yako kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa, uitoe kila baada ya miezi mitatu, uianike kivulini kwa saa chache, na unapoikunja tena ubadilishe mahali pa mikunjo. Hilo la mwisho ndilo ninalolisisitiza kuliko yote. Dhidi ya wadudu, majani makavu ya mwarobaini au karafuu chache katika kifuko cha kitambaa zinatosha, mradi zisigusane na hariri.

Usiifue nyumbani, ipeleke wanakofua kwa dawa badala ya maji. Pasi iwe ya moto mdogo, juu ya kitambaa cha pamba, wala usinyunyize maji, kwani huacha madoa. Marashi jipake mwilini, yakauke kwanza ndipo uvae.

Katika kuvaa, anza na viatu, kwa sababu urefu wa sari hupimwa kwa kisigino utakachotembelea. Gagulo lifungwe kwa kamba, imara, maana hariri ya Kanchipuram ni nzito na ndilo linaloibeba yote. Chomeka ncha isiyo na mapambo upande wa kulia wa kiuno, zungusha mara moja kuelekea kushoto, kunja marinda matano hadi saba yatazame kushoto, yachomeke chini kidogo ya kitovu, kisha zungusha tena na kuitupa ile ncha ya mapambo, pallu, juu ya bega la kushoto. Ukibana kwa pini, weka kwanza kipande kidogo cha kitambaa chini yake ili isiichane hariri.

Kwa anayetaka kununua, alama ya Silk Mark huthibitisha kwamba hariri ni halisi, lakini haithibitishi kwamba imefumwa kwa mkono. Tazama pale pindo linapokutana na mji, yaani sehemu ya katikati ya sari: katika ufumaji wa korvai, rangi hizo mbili huunganishwa hapo hapo kwenye kitanda cha mfumi, na ukigeuza upande wa ndani utaona nyuzi zake zimeshikana.

Sari ya mama bado ina ule mstari, lakini sasa huupangia ndani ya marinda, na Idi iliyopita aliivaa kutwa nzima.