Mwanangu, haki zako zirudi vipi?

Mwanangu Zuhura,

Barua yako nimeipata, pamoja na nakala ya mkataba. Umeniuliza mambo mawili: je, shilingi milioni tatu kwa haki za filamu ya riwaya yako ni bei inayostahili, na wakala wa fasihi ana kazi gani wakati mtayarishaji amekuja mwenyewe kubisha hodi? Naanza na la pili, maana humo ndimo lilimo jibu la kwanza.

Kutafuta mnunuzi ni sehemu ndogo ya kazi ya wakala. Kubwa ni kuzikata haki zako vipande, kila kipande kiuzwe peke yake, kwa muda wake, na kiwe na njia ya kurudi kwako. Mkataba uliotumiwa unasema unatoa "haki zote, duniani kote, milele". Filamu imo humo, lakini imo pia tamthilia ya runinga, mchezo wa redio, jukwaa, na hata wahusika wako katika riwaya ya pili ambayo hujaianza. Tamthilia ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Mtu anaweza kununua filamu moja, akarekodi vipindi sitini, na wewe usiwe na la kudai. Iandikwe mbali, na malipo yawe kwa kila kipindi. Kitabu, tafsiri, kitabu cha kusikiliza, jukwaa na mwendelezo utakaouandika mwenyewe vibaki kwako, na vitajwe kimoja kimoja.

Wakala angekwambia pia usiuze sasa hivi. Wenye kazi hii huanza na opsheni, nami naiona kama kishika uchumba: mtayarishaji analipa fedha kidogo ili kwa miezi 12 au 18 asiuziwe mwingine, naye atumie muda huo kuandikisha skripti na kutafuta mtaji. Kiwango kilichozoeleka ni kama asilimia 10 ya bei ya kununua. Akitaka kuongeza muda, aongeze mara moja, kwa malipo mapya. Malipo ya kwanza hukatwa katika bei. Ya pili kwa kawaida hayakatwi, kwa kuwa yanafidia kukuchelewesha. Muda ukiisha hajanunua, haki zirudi zenyewe, bila kuandikiana barua. Skripti yake itabaki yake, ila hataweza kuipiga picha bila ridhaa yako, na wewe hutaweza kumpa mtayarishaji mwingine skripti hiyo.

Sasa bei. Mara nyingi huwekwa asilimia 2 hadi 3 ya bajeti ya filamu, pamoja na kima cha chini na kima cha juu. Milioni tatu ni asilimia 2.5 ya milioni 120. Basi muulize bajeti yake. Akikwambia milioni 400, kwa asilimia hiyohiyo unastahili milioni 10, na milioni tatu ingekuwa kishika uchumba kizuri sana, si bei. Kima cha chini kinakulinda bajeti ikipunguzwa katikati ya safari, jambo linalotokea mara nyingi.

Soma tena kifungu cha malipo. Kimeandikwa utalipwa "filamu itakapotoka". Filamu nyingi hupigwa picha zikakwama kwenye uhariri kwa kukosa fedha; haki zako zitakuwa zimeshatumika na hujapata hata senti. Bei yote ilipwe kabla ya siku ya kwanza ya kupiga picha au siku hiyohiyo. Na akishanunua asipoanza kupiga picha ndani ya miaka mitano, haki zirudi. Ahadi ya asilimia ya "faida halisi" ipokee, lakini usiihesabu kama fedha: gharama hukatwa kwanza, na aghalabu hakibaki kitu.

Ujira wa wakala ni asilimia 15 ya anachokuingizia, au 20 pale wakala wa vitabu anapogawana kazi na wakala wa filamu. Anayekudai ada ya kusoma mswada kabla ya kuuza chochote, muage. Kwetu mawakala wa namna hii ni wachache, kwa hiyo mwanasheria anayejua hakimiliki atakutosha kwa mkataba huu. Yeye utamlipa mara moja, ila hatakuhangaikia baadaye.

Kuhusu hadithi yenyewe, usidai haki ya kukataa skripti. Mwenye fedha haweki mtaji mahali ambapo mtu mmoja anaweza kusimamisha kazi. Dai kushauriwa: upewe rasimu uisome, na siku kumi za kutoa maoni. Ukurasa mmoja wa skripti ni kama dakika moja ya filamu, kwa hiyo riwaya yako ya kurasa 280 lazima ipunguzwe sana, na mawazo ya moyoni ya mhusika wako yatageuzwa vitendo au yatatoweka. Itazame filamu ya Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyoonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Toronto mwaka 2021, ukiwa na riwaya ya Adam Shafi ya 1999 mkononi. Penzi la Denge na Yasmin ndilo limebeba filamu, na mengi yaliyomo kitabuni yamewekwa kando. Lakini jina lako lisiwekwe kando. Iandikwe kwamba maneno "imetokana na riwaya ya" yatakuwa mwanzoni mwa filamu na kwenye kila bango lenye jina la mwongozaji.

Kabla ya yote hayo, toa ule mkataba wako na mchapishaji wa kitabu, utafute kifungu cha tafsiri, redio na filamu. Ikiwa ulishampa haki za filamu, huna cha kumuuzia mtayarishaji, na saini yako itakuingiza wewe pamoja naye kwenye kesi. Kipige picha kifungu hicho unitumie leo jioni, na mtayarishaji umwombe wiki mbili.

Mama yako