Maswali ya Wasomaji: Alaimenti Baada ya Kubadilisha Shokapu na Springi

SWALI: Ndugu mhariri, salaam. Ninaendesha Subaru Forester ya mwaka 2004. Wiki iliyopita nilibadilisha shokapu zote nne pamoja na springi zake, na kwa kuwa gari lilikuwa limeshafunguliwa, fundi alinishauri tuweke pia bushi mpya za mikono ya chini ya mbele, yaani vyuma vinavyoyashika magurudumu kwa chini. Alipomaliza aliniambia nisiende kwenye alaimenti (kupima na kunyoosha pembe za magurudumu) hadi gari litembee kilomita 1,000, ili springi zikae. Duka ninakotaka kununua tairi mpya wananiambia niende leo hii. Usukani sasa umelala upande wa kushoto hata ninapokwenda moja kwa moja. Nimsikilize nani?
– Msomaji, Dodoma

JIBU: Ndugu msomaji, nenda mapema, wala usisubiri hizo kilomita 1,000. Hata hivyo, kabla ya kulipia mashine kuna kazi ya spana ambayo huenda haikufanywa ipasavyo, na nitaieleza kwa urefu kwa sababu ndiyo inayoharibu alaimenti nyingi zilizofanywa kwa nia njema.

Fundi wako hakutunga jambo hilo. Gari lililowekwa springi mpya hushuka kidogo katika siku za mwanzo, kwa kuwa springi zinajipanga kwenye vikalio vyake na mipira ya juu ya shokapu inashindiliwa na uzito wa gari. Kimo kinapobadilika, pembe za magurudumu nazo hubadilika, na ndiyo maana mafundi wa zamani walizoea kusubiri. Lakini springi nyingi nzuri za leo hubanwa kiwandani kabla ya kuuzwa, kwa hiyo kinachobaki kushuka barabarani ni milimita chache, na sehemu kubwa ya hizo huisha mapema, gari linapopita kwenye matuta na barabara ya vumbi.

Sasa tazama upande wa pili wa hesabu. Shokapu ya mbele ya Forester yako ndiyo nguzo inayolishika gurudumu lisimame wima. Imefungwa kwa bolti mbili kwenye chuma kinachobeba beringi ya gurudumu, na bolti ya juu imetengenezwa makusudi ili ukiizungusha, gurudumu liegemee ndani au nje kwa juu, mwegemeo ambao mafundi huuita kemba. Huwezi kutoa shokapu bila kufungua bolti hizo, na zikishafunguliwa hazirudi mahali pake pa awali hata fundi angeweka alama kwa patasi, kwa sababu shokapu mpya si ile iliyotoka. Kemba ikibadilika, inavuta pamoja nayo ule mwelekeo wa ncha za mbele za magurudumu, yaani too, na too ndiyo inayokula tairi kuliko pembe nyingine zote. Usukani wako uliolala kushoto unaonyesha kwamba mwelekeo huo tayari umehama.

Fanya hesabu hii. Gurudumu likikaa nje ya mwelekeo wake kwa nusu digrii tu, ambayo kwenye tairi ya ukubwa wa Forester ni tofauti ya karibu milimita 6 kati ya ukingo wa mbele na wa nyuma, kila kilomita moja unayokwenda tairi hiyo inaburuzwa kando kiasi cha mita 8 na ushei. Kwa kilomita 1,000 ulizoambiwa usubiri, tairi itakuwa imesuguliwa kando zaidi ya kilomita 8 juu ya lami yenye joto. Unaweza kuyaona madhara yake kwa kiganja: pitisha mkono juu ya kashata za tairi, yaani vipande vya mpira vinavyokanyaga barabara, kutoka nje kwenda ndani, kisha urudishe. Ukihisi laini upande mmoja na ukali wa msumeno upande mwingine, too imeshaanza kazi yake.

Nirudi kwenye ile kazi ya spana. Bushi za mikono ya chini ni mpira ulioshikamana na bomba la chuma katikati, na bomba hilo hubanwa na bolti lisizunguke. Mkono unapopanda na kushuka, mpira wenyewe ndio unaojisokota. Fundi akikaza bolti hizo gari likiwa kwenye jeki na magurudumu yananing'inia, mpira unashikwa katika hali ya kuning'inia, na gari likishushwa chini unakuwa umesokotwa muda wote, hata likiwa limeegeshwa. Matokeo yake ni mawili: gari linakaa juu kuliko kimo chake halisi, na bushi mpya inachanika mapema mno. Hakuna idadi ya kilomita inayoweza kulituliza gari la namna hii. Ukilipeleka kwenye mashine likiwa hivyo, utapimiwa kimo cha uongo, na siku mpira utakapochoka vipimo vyote vitahama.

Kwa hiyo muulize fundi wako waziwazi, bila kumvunjia heshima, kama bolti za bushi alizikaza gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Kama jibu ni hapana, au kama hakumbuki, gari lipandishwe kwenye njia mbili za chuma au liingizwe juu ya shimo, bolti zilegezwe, gari litikiswe juu na chini mara kadhaa, lisukumwe mbele na nyuma mita chache, kisha bolti zikazwe kwa kipimo cha kiwanda likiwa vilevile chini. Ni kazi fupi, na fundi mwenye kujali jina lake hataikataa.

Hiyo ikishakamilika, pima kwa futi umbali kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa bodi ulio juu yake, uandike namba zote nne. Tembeza gari kwa siku mbili tatu kwenye njia zako za kawaida, kisha nenda kwenye alaimenti. Kwa kuwa unataka tairi mpya, zifungwe siku hiyohiyo ya alaimenti wala si kabla yake, maana ni hasara kubwa kuzichubua tairi mpya kwenye gari ambalo unajua halijanyooka. Baada ya kilomita 300 hadi 500 pima tena vile vimo vinne. Vikiwa havijashuka, au vimeshuka milimita mbili tatu tu, na usukani umenyooka, huna haja ya kulipa mara ya pili. Kimo kimoja kikiwa kimeshuka sentimita nzima, rudi ukapime. Waulize mapema kama kipimo cha marudio kinatozwa bei kamili, kwa sababu gereji nyingine hupunguza kwa mteja anayerudi na karatasi yake.

Karatasi hiyo idai. Mashine ya kompyuta hutoa vipimo vya kabla na vya baada, kwa magurudumu yote manne, na kwenye Forester yako magurudumu ya nyuma nayo yana marekebisho ya too. Fundi akikwambia kwamba amenyoosha ya mbele tu kwa sababu ya nyuma hayarekebishiki, amekosea kwa gari hili. Magurudumu ya nyuma yakielekea upande, sehemu ya nyuma ya gari husukumwa upande huo, na dereva hulazimika kukunja usukani kidogo ili aende moja kwa moja. Ya mbele unaweza kuyanyoosha mara tatu na usukani ukabaki umelala. Ukilijaribu gari baada ya kazi, kumbuka pia kwamba barabara zetu huinuka katikati na kuteremka pembeni ili maji yatoke, kwa hiyo gari zima kabisa linaweza kuvuta kushoto taratibu. Jaribu mahali palipo tambarare kabla ya kumlaumu mtu.

SWALI: Toyota IST yangu imebadilishwa shokapu mbili za nyuma peke yake. Je, ni lazima nifanye alaimenti?
– Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Hapana. Kwenye IST inayovuta kwa mbele, magurudumu ya nyuma yameshikwa na boriti moja ya chuma inayokatiza chini ya gari, na shokapu kazi yake ni kutuliza mtikisiko tu. Kuitoa na kuirudisha hakuhamishi pembe yoyote. Ukihisi usukani unatetemeka kwenye mwendo wa kasi, hilo kwa kawaida ni suala la balansi ya tairi, ambayo ni kazi nyingine kabisa, na watu wengi hulipia alaimenti wakitafuta dawa ya balansi.

SWALI: Ninafanya kazi ya kubeba watalii kwa Land Cruiser ya mfululizo wa 70, yenye springi za koili mbele. Tumeiinua sentimita 5 kwa springi na shokapu ndefu. Tangu hapo usukani haurudi wenyewe baada ya kona, na kwenye lami gari linatangatanga. Nimelipeleka kwenye alaimenti mara mbili na wanasema too iko sawa. Niendelee kusubiri springi zikae?
– Msomaji, Arusha

JIBU: Usisubiri, na hao waliokuambia too iko sawa huenda wamesema kweli. Gari lako lina ekseli nzima mbele, na magurudumu yote mawili yameunganishwa kwa fimbo moja ya tairodi inayoyageuza pamoja, kwa hiyo kuliinua hakubadilishi too kama inavyotokea kwenye magari madogo. Kinachobadilika ni kasta, yaani jinsi mhimili ambao gurudumu hukatia kona unavyoegemea nyuma kwa juu. Pembe hiyo ndiyo inayoufanya usukani urudi wenyewe, sawa na gurudumu la mbele la baiskeli linavyojinyoosha unapoisukuma kwa kushika kiti. Ekseli yako imeshikwa na mikono miwili mirefu. Bodi ikipanda, mikono hiyo huinama zaidi na kuizungusha ekseli mbele, na kwa sentimita 5 unaweza kupoteza digrii 2 hivi za kasta. Hakuna nati wala bolti ya kuirudisha kasta kwenye gari hili, na ndiyo maana mashine iliishia kukuonyesha namba bila fundi kuwa na la kufanya.

Dawa yake ni bushi maalumu za mikono hiyo, ambazo tundu lake limetobolewa pembeni badala ya katikati, au vikalio vya chuma vinavyofanya kazi hiyohiyo. Omba zitafutwe zinazolingana na kiasi ulichoinua. Muulize fundi pia kuhusu ile fimbo ya mshazari inayozuia ekseli isihame kulia au kushoto, kwa sababu gari likiinuliwa, fimbo hiyo huisogeza ekseli pembeni kidogo, na ndefu yenye marekebisho huirudisha katikati. Hayo yakishafungwa ndipo upime tena kasta na kunyoosha usukani.

Juu ya suala la kusubiri, kwako lina uzito mwingine. Springi za gari la safari hukaa zinapobebeshwa mzigo wake wa kweli: friji, maji, tairi mbili za akiba, wageni na mizigo yao. Safiri mara moja likiwa limejaa, kisha likapimwe likiwa na vifaa vile ambavyo havishuki kamwe garini. Lakini gari linalotangatanga na limebeba watu si la kusafirisha huku likisubiriwa litulie. Rekebisha kasta kwanza.

SWALI: Nimebadilisha shokapu za mbele za Toyota Probox hapa Sumbawanga. Gereji ninayoiamini yenye mashine ya alaimenti iko Mbeya, safari ya zaidi ya kilomita 300. Naweza kulipeleka gari likiwa hivi?
– Msomaji, Rukwa

JIBU: Unaweza, ukipima too kwanza kwa mkono. Shokapu za mbele za Probox nazo zimefungwa kwa bolti mbili kwenye gurudumu, kwa hiyo chukulia kwamba kuna kilichohama. Egesha mahali tambarare, usukani ukiwa umenyooka, upepo wa tairi ukiwa sawa pande zote. Weka alama ya chaki kwenye mfereji wa katikati wa kila tairi ya mbele, upande unaotazama mbele, kwa urefu ambao futi itapita chini ya gari bila kugusa chochote. Wewe na mwenzako mpime umbali kati ya alama hizo mbili. Kisha sukumeni gari mbele taratibu hadi alama zilezile zifike upande wa nyuma wa tairi kwa urefu uleule, mpime tena. Kutumia alama zilezile kunaondoa kosa linaloletwa na rimu iliyopinda.

Vipimo hivyo viwili vikipishana milimita 3 au chini ya hapo, safiri bila wasiwasi, kwa mwendo wa wastani. Tofauti ikizidi hapo, fundi alegeze nati za tairodi, kisha azungushe tairodi zenyewe, ya kulia na ya kushoto, kwa kiasi kilekile, kidogo kidogo, hadi tofauti ikaribie sifuri. Kipimo cha mbele kikiwa kikubwa kuliko cha nyuma, ncha za magurudumu zimefunguka nje. Kikiwa kidogo, zimejikunja ndani. Kabla ya kuondoka hakikisha nati za tairodi na zile bolti mbili za kila shokapu zimekazwa barabara, na ukifika Tunduma simama upitishe kiganja juu ya tairi zote mbili za mbele. Ukihisi ule ukali wa msumeno, punguza mwendo kipande kilichobaki, na ukifika Mbeya mwambie fundi apime kwanza na kukupa karatasi ya vipimo kabla hajagusa nati yoyote.