Jibu: Tamthilia za wanafunzi wa maigizo wa kidato cha juu

Mwalimu mwenzangu, umeuliza uwape tamthilia zipi wanafunzi waliokwisha maliza misingi ya maigizo, na kama Shakespeare ni lazima. Ugumu wa lugha usikuongoze. Tafuta andiko lenye mhusika anayetaka kitu kwa dhati, na mwingine mwenye hoja nzito za kumzuia.

Ndiyo maana ningeanza na Antigone ya Sophocles. Ni ya karne ya 5 KK, lakini mfalme Creon, anayemkataza Antigone kumzika kaka yake, si katili tu. Ana sababu zake za kiutawala, na darasa likigawanywa pande mbili litabishana mpaka kengele ilie. Halafu kuna korasi, kundi la wazee linalotazama na kutoa maoni juu ya yanayotokea. Wasimame wapi? Waseme kwa pamoja au wapokezane? Wanamwonea Antigone huruma au wanamwogopa mfalme? Swali hilo linaweza kula wiki nzima, na hapo ndipo watajifunza uongozaji bila kuhubiriwa.

Ifuate Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969), kuhusu kiongozi wa Vita vya Maji Maji aliyewaambia watu kwamba maji yangewakinga na risasi. Kaeni sana pale Kinjeketile anapotambua kwamba neno alilowapa watu limekuwa kubwa kuliko yeye. Wengi hukimbilia vita, kumbe kazi ya mwigizaji iko hapo.

Waiting for Godot ya Beckett, ambamo watu wawili wanamngoja mtu asiyefika, iache mwisho. Wakiipata mapema huigiza uchovu, tukachoka sisi watazamaji.

Shakespeare? Maonyesho mawili matatu ya Macbeth yanatosha kwa sasa, mradi wayasome kwa sauti, wakiwa wamesimama.