Maswali ya Wasomaji: Wikiendi Bila Kiingilio Jijini London

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mama wa watoto wawili, mmoja ana miaka 6 na mwingine 9, na tunaishi Woolwich, kusini-mashariki mwa London. Tulipokuwa Dar es Salaam tulizoea kuwapeleka watoto Coco Beach kila Jumapili, wakacheza mchangani hadi magharibi, na gharama yetu ilikuwa nauli na mihogo ya kukaanga tu. Hapa kodi ya nyumba inameza sehemu kubwa ya mshahara, na nikipiga hesabu ya tiketi nne za sinema naona heri tubaki ndani. Watoto wanamaliza wikiendi mbele ya televisheni, nami naumia. Je, burudani ya bure ipo katika jiji hili?
Mama wa Wawili, Woolwich

JIBU: Mama mpendwa, burudani ya bure ipo, tena ya hali ya juu, na sehemu yake nzuri iko hatua chache kutoka unapoishi. London ni ghali kwa kodi, chakula na nauli, lakini makumbusho yake makubwa ya taifa hayatozi kiingilio kwa maonyesho ya kudumu. Kadhaa kati yake, yaliyoanza kutoza katika miaka ya 1980 na 1990, yaliacha kufanya hivyo Desemba 2001, na kwa kiasi kikubwa yanaendeshwa kwa kodi za wananchi, zikiwamo zile zinazokatwa kwenye mshahara wako. Kwa hiyo ingia kwa kujiamini. Sanduku la michango utakalolikuta mlangoni ni la hiari, na asiyetia kitu haulizwi.

Kwa watoto waliozoea bahari, ningeanza na kivuko cha Woolwich, ambacho kimekuwa kikivusha watu na magari katika mto Thames bila malipo tangu mwaka 1889. Kwa aliyepanda pantoni ya Kigamboni mambo mengi yatakuwa ya kawaida: foleni ya malori, mlio wa injini, upepo wa majini. Mkifika ng'ambo, bustani ya Royal Victoria Gardens iko karibu na gati, na watoto wanaweza kukimbia wapendavyo. Kurudi, badala ya kivuko, piteni kwa miguu katika njia ya chini ya mto iliyofunguliwa mwaka 1912, ambamo sauti za watoto hurudi kutoka kwenye kuta za vigae vyeupe; nayo pia ni bure. Angalia ratiba ya kivuko kabla ya kutoka, hasa wikiendi.

Wikiendi nyingine pandeni basi namba 177 hadi Greenwich. Watoto wa chini ya miaka 11 hawalipi nauli ya basi, na nauli yako moja inakuruhusu kubadilisha mabasi ndani ya saa nzima. Katika National Maritime Museum, jumba la makumbusho ya mambo ya bahari, waonyeshe koti alilovaa Nelson, amirali wa Uingereza, katika vita vya majini vya Trafalgar mwaka 1805, lenye tundu la risasi begani. Mtoto wa miaka 9 atalikumbuka kuliko maelezo yoyote ya darasani. Baada ya hapo pandeni kilima cha Greenwich Park mapema, kwa sababu juu ya paa la jengo la kale la wachunguzi wa nyota kuna tufe jekundu ambalo, tangu mwaka 1833, limekuwa likiwaonyesha mabaharia saa sahihi. Saa saba kasoro dakika tano mchana hupanda nusu ya mlingoti, dakika mbili kabla ya saa saba hufika kileleni, na saa saba kamili huanguka. Kuingia ndani ya jengo hilo kunalipiwa, lakini tufe linaonekana vizuri ukiwa nje, isipokuwa siku za upepo mkali au matengenezo.

Fedha nyingi za matembezi hupotelea kwenye chakula, kwa maana migahawa ya makumbusho ni ghali kupita kiasi. Fungasha chapati na mayai kwenye hotipoti, mle bustanini. Hakuna atakayewashangaa, kwani Waingereza wenyewe hufanya hivyo. Pia usijaribu kumaliza jumba zima kwa siku moja. Chagua vyumba viwili, kisha muondoke watoto wakiwa bado wanataka kuona zaidi.

Siku za mvua nenda maktaba ya halmashauri yenu. Uanachama ni bure, na maktaba nyingi huwa na vipindi vya hadithi kwa watoto.

Wewe nawe unastahili kupumzika. Kanisa la St Martin-in-the-Fields, kando ya Trafalgar Square, huwa na muziki wa mchana ambao mchango wake ni wa hiari, na National Gallery, jumba la taifa la picha za kuchora, iko jirani kabisa. Kumbuka tu kwamba makumbusho ya taifa hufungwa tarehe 24 hadi 26 Desemba, na siku ya Krismasi hakuna mabasi wala treni, hivyo siku hizo pangeni matembezi ya miguu kando ya mto, hapo hapo Woolwich.